Piga picha pale miti inapokatika

Ukitoka Kolwezi, mji wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuingia kwenye msitu wa miombo, utafika mahali miti inakatika ghafla. Mbele yako kinabaki kilima chenye nyasi tu, na mawe ya kijani ya malakiti yamechomoza. Anzia hapo. Udongo una shaba nyingi mno, miti imeshindwa kuota, ila mimea michache imeizoea sumu hiyo na mingine haioti popote pengine duniani. Vilima hivi ndivyo vinavyochimbwa, kwa hiyo huenda picha yako ndiyo itakayobaki.

Nenda mvua zinapoelekea kuisha, kati ya Machi na Mei. Tafuta Haumaniastrum katangense, mmea mfupi wa maua ya zambarau. Huota hata kwenye udongo ulioachwa na tanuri za kale, na wanaakiolojia waliufuata wakapata mahali wahenga walipoyeyushia shaba. Mwenzake, Crotalaria cobalticola, ni ndugu wa marejea wanayopanda wakulima wa Tanzania: maua ya njano, na hukaa penye kobalti.

Usipige ua ukiwa umesimama. Safari yangu ya kwanza nilirudi na picha tele zilizopigwa saa sita mchana kutoka juu, na maua yote yalionekana kama vipande vya karatasi vilivyotupwa vumbini. Lala kifudifudi, kamera iwe sawa na ua, jua liwe ubavuni au nyuma yake hadi uone vinyweleo vya shina vikiwaka. Upepo ukivuma, ukinge kwa mgongo wako. Kama unatumia simu, gusa ua kwenye kioo kisha punguza mwanga kidogo, maana njano ile huungua upesi ikawa nyeupe. Halafu rudi nyuma upige nyingine: ua, jiwe la kijani, na ukingo wa msitu kwa mbali. Ukingo huo usiukose, ndio unaoeleza kila kitu.

Juni na Julai amkia ziwa Nzilo kabla ya jua. Baridi inauma, lakini maji yametulia na mitumbwi ya wavuvi hutoka ukunguni mmoja mmoja. Septemba mashamba na nyasi zikichomwa, moshi hulainisha jua la jioni; wakati huohuo miombo inachipua majani mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Barabarani funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, na usibadilishe lenzi lori likipita. Vumbi jekundu halisamehi.

Mvua zikirudi, akina mama hupanga uyoga kwenye mabeseni kando ya njia. Salimia kwanza, nunua, kisha uliza: "Mama, naomba nikupige picha?" Akikataa, shukuru uondoke. Kijijini pita kwa chifu kabla ya kutoa kamera, na ubebe kibali cha maandishi. Usiielekeze kamera kwenye vizuizi, askari, mitambo ya mgodi wala ukuta wa bwawa la Nzilo. Unaweza kupoteza kamera na siku nzima.

Ukifika nyumbani, andika tarehe na jina la kilima kama wenyeji wanavyokiita. Picha ya mama wa uyoga isafishe mjini, umpelekee yeye mwenyewe kabla msimu haujaisha.