Mabadiliko ya Sauti na Uundaji wa Maneno: Data ya Lugha ya Kubuniwa

Swali linalokupa data ya lugha usiyoijua huwatisha wanafunzi wengi. Usiliogope. Hapa aliyekariri hana faida yoyote juu yako, kwani kila unachohitaji kimo kwenye data.

Tutatumia Quenya na Sindarin, lugha zilizobuniwa na J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Zimo katika hadithi yake The Lord of the Rings (1954–1955). Alizitunga kama ndugu wawili wa mzazi mmoja, kisha kila moja akaipa kanuni zake za kubadili sauti.

Chunguza data hii:

Quenya: atar, Atan, tol
Sindarin: adar, Adan, tol
Maana: baba, mwanadamu, kisiwa

Mwenye haraka ataandika: "t hubadilika kuwa d." Atapoteza alama, kwa sababu neno tol linamkanusha. Tazama mazingira ya sauti. Katika atar na Atan, t imekaa kati ya irabu mbili. Katika tol iko mwanzoni mwa neno. Basi andika: katika Sindarin, t hubadilika kuwa d inapokuwa kati ya irabu. Ongeza sababu: irabu ni ghuna, na t iliyozungukwa nazo huambukizwa ughuna.

Sasa tuingie kwenye wingi. Quenya haina shida: Atan, wingi Atani. Kiambishi ni -i. Lakini tazama Sindarin:

Adan – Edain (mwanadamu – wanadamu)
aran – erain (mfalme – wafalme)
barad – beraid (mnara – minara)

Kiambishi kiko wapi? Ukijibu "hakuna kiambishi, irabu hubadilika tu", umejibu nusu. Linganisha Edain na Atani. Ile -i ilikuwapo hata huku. Ilidondoka baada ya kuziathiri irabu zilizoitangulia. Ikaifanya a ya silabi ya mwisho kuwa ai, na a ya silabi iliyotangulia kuwa e. Sauti imepotea, nyayo zake zimebaki.

Nyayo kama hizo zimo katika Kiswahili, na hapo ndipo watahiniwa wengi huanguka. Ukiambiwa uchanganue neno meno, usigawe me-no. Umbo la ndani ni ma-ino. A na i zimeungana zikawa e. Ushahidi ni jino, yaani ji-ino. Vivyo hivyo wezi ni wa-izi na wengi ni wa-ingi. Anayeandika kwamba me- ni kiambishi cha wingi atakwama akiulizwa kwa nini tunasema macho na si mecho.

Hata hivyo, usiipanue kanuni kupita data. Mwizi huwa wezi, lakini mwimbaji huwa waimbaji, wala hakuna asemaye "wembaji". Kwa hiyo ni salama zaidi kuandika "katika maneno haya, a na i huungana kuwa e" kuliko kuandika "kila a ikikutana na i".

Funika jibu kwa karatasi, ujaribu hili.

Swali: Katika Sindarin, dûn ni magharibi. Dúnadan ni mtu wa magharibi. (a) Neno hili limeundwa kwa njia gani? (b) Taja wingi wake. Alama juu ya u huonyesha irabu ndefu.

Jibu: (a) Kwa kuambatanisha maneno mawili, dûn na adan. (b) Dúnedain. Sehemu ya -adan imefuata kanuni ileile ya Edain, nayo ú haikuguswa. Aliyeandika hapo juu kwamba "irabu zote hubadilika" arudi airekebishe kanuni yake: data ilionyesha a peke yake.