Umepiga Picha Kwenye Shoo? Angalia Salio Kwanza

Shoo ya benga imepamba moto, na shabiki uliyempiga picha anazitaka saa hiyo hiyo. Anakuonyesha simu yake: "Nishatuma, boss." Kwako pia meseji imeingia. Usimtumie picha bado. Meseji feki huandikwa ifanane na ya kweli, lakini mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida, na haiongezi hata shilingi kwenye akaunti yako. Fungua menyu uangalie salio. Kelele zikizidi, sogea kando. Mteja wa kweli atangoja. Akipiga baadaye akidai alituma pesa nyingi kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja. Na PIN usimpe yeyote, hata msanii mwenyewe.