Kifafa: Umeme wa Ubongo Unapovurugika

Mtoto anapoanguka kifafa karibu na moto, wapo watu ambao humkimbia wakiogopa kuambukizwa na povu lake. Mtoto huungua huku watu wazima wakitazama. Mwezi huu tujifunze ugonjwa huu unatoka wapi.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Umeme huo hutokana na madini yaliyomo katika maji ya mwili, hasa potasiamu na sodiamu. Ndani ya seli ya neva kuna potasiamu nyingi. Nje yake kuna sodiamu nyingi, madini yale yale yaliyomo katika chumvi ya mezani. Seli ikitulia, tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ni kama volti 0.07, wakati betri ya tochi ina volti 1.5. Ujumbe unapopita, vijilango katika utando wa seli hufunguka: sodiamu huingia, kisha potasiamu hutoka. Yote hayo huisha upesi kuliko kupepesa jicho.

Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walichunguza neva nene ya ngisi, wakaandika hesabu inayoeleza mwendo huo. Huxley alizipiga hesabu hizo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Walizitangaza mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi wataalamu huingiza hesabu za namna hiyo katika kompyuta, waone jinsi seli nyingi zinavyoathiriana. Potasiamu ikijaa nje ya seli, seli za jirani husisimka kwa urahisi, nazo hutoa umeme kwa pamoja. Hapo mwili hukakamaa na kutetemeka.

Basi kifafa si pepo, wala povu haliambukizi. Dawa kama fenitoini na karbamazepini huvituliza vijilango vya sodiamu.

Mtu akianguka:

1. Mwondoe karibu na moto au maji.
2. Mlaze kwa ubavu, umlegeze nguo shingoni.
3. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.
4. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, au akirudiwa kabla ya kupata fahamu, mpelekeni hospitali upesi.
5. Dawa anywe kila siku. Kuziacha ghafla ni hatari.

Tumwombee mgonjwa, na dawa zake tumkumbushe. Sala na dawa hazigombani.