Vipele Vyenye Maumivu Kwenye Ulimi: Kipi Kisubiriwe, Kipi Kipelekwe Kituoni

Somanga, katika Wilaya ya Kilwa, hufahamika sana kwa wasafiri wa barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Samaki wa kukaanga huuzwa kandokando ya barabara, hutiwa chumvi, ndimu na pilipili, na huliwa wakiwa bado wa moto. Asubuhi inayofuata, mlaji anaweza kuamka na kipele kidogo kwenye ncha ya ulimi, kinachochoma kama sindano kila anapomeza mate. Mara nyingi kipele hicho huisha chenyewe. Katika pwani hiyohiyo, mvuvi anaweza kuwa na uvimbe mdogo pembeni mwa ulimi, usiomuuma sana, akasukutua kwa maji ya chumvi mwezi baada ya mwezi, hadi siku anaposhindwa kutafuna. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha hali hizi mbili.

Maumbile ya ulimi

Uso wa juu wa ulimi umefunikwa na vinundu vya aina nne. Vilivyo vingi zaidi ni vyembamba kama nywele, navyo ndivyo vinavyoufanya ulimi ukwaruze. Vingine ni vyekundu na vya mviringo, vimetawanyika hasa kwenye ncha. Pembeni, kuelekea nyuma, mna mikunjo midogo. Na nyuma kabisa mna vinundu vikubwa, kwa kawaida 8 hadi 12, vilivyojipanga kwa umbo la herufi V. Wapo wanaoviona vinundu hivi vya nyuma kwa mara ya kwanza kwenye kioo, wakadhani wamepata ugonjwa. Vikiwa sawa pande zote mbili, haviumi wala havitoki damu, hivyo ni maumbile.

Sababu za kawaida

Kinundu kimoja au vichache vinaweza kuvimba baada ya ulimi kuungua kwa chai au chakula cha moto, kung'atwa, kuchomwa na mwiba wa samaki, au kusuguana na jino lenye ncha kali. Vipele vya namna hii huwa vyekundu au vyeupe, huuma kuliko ukubwa wake, na kwa kawaida hupoa ndani ya siku chache hadi wiki moja.

Vidonda vidogo vya duara, vyenye katikati nyeupe au ya manjano na ukingo mwekundu, navyo ni vya kawaida. Vingi hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Vikirudi mara kwa mara, yafaa kuchunguza upungufu wa madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12.

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara ipo sababu nyingine isiyopaswa kusahauliwa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Mtoto anayelipasua kwa meno anaweza kupata malengelenge ya midomo na ulimi. Korosho ibanguliwe ipasavyo kabla ya kuliwa, na mtoto aonywe mapema.

Utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu huashiria fangasi. Kwa mtoto mchanga hali hii ni ya kawaida na hutibika. Kwa mtu mzima humlazimu mhudumu kufikiria kisukari, matumizi ya baadhi ya dawa, au maambukizi ya VVU, na kushauri vipimo.

Huduma ya nyumbani

Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yatosha kusukutua mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa aepuke kwa muda pilipili, ndimu, embe mbichi na vinywaji vya moto sana, na aendelee kupiga mswaki taratibu. Parasetamoli, kwa kipimo kilichoelekezwa, hupunguza maumivu.

Kipele kisikatwe, kisitumbuliwe wala kukwanguliwa. Kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya kidonda, kwani huunguza nyama laini ya kinywa. Antibayotiki zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Hazitibu jeraha la kuungua wala vidonda vinavyosababishwa na virusi.

Wakati wa kwenda kituoni

Kipimo rahisi cha kukumbuka ni wiki mbili. Kidonda, uvimbe, doa jeupe lisilofutika au doa jekundu lililodumu zaidi ya siku 14 lazima lionwe na mtaalamu, hata kama haliumi. Hapa ndipo wengi hukosea: maumivu huwapeleka watu hospitali, na kutokuwepo kwa maumivu huwatuliza. Saratani ya ulimi mara nyingi huanza bila maumivu makali, hasa pembeni au chini ya ulimi. Kidonda cha awali cha kaswende nacho kwa kawaida hakiumi.

Mgonjwa asisubiri hata wiki hizo mbili iwapo uvimbe ni mgumu, unatoka damu au unakua haraka. Ulimi umekufa ganzi au hausogei vizuri. Kuna tezi shingoni. Au uzito unapungua. Wavutaji wa sigara, watumiaji wa ugoro na tumbaku ya kutafuna, pamoja na wanywaji wa pombe, wawe waangalifu zaidi. Anayetumia tumbaku na pombe pamoja yumo katika hatari kubwa kuliko anayetumia kimoja.

Hali tatu ni za dharura siku hiyohiyo: ulimi au midomo kuvimba ghafla baada ya chakula au dawa, uvimbe chini ya ulimi wenye homa, shida ya kumeza au kupumua, na vidonda vya kinywa vinavyoambatana na upele, malengelenge ya ngozi au macho mekundu baada ya kuanza dawa, hususan zenye salfa.

Kwa mhudumu wa zahanati

Uchunguzi mzuri hauhitaji mashine. Vaa glavu, tumia mwanga wa kutosha, shika ncha ya ulimi kwa shashi na uuvute taratibu kila upande. Tazama pembeni na chini yake, papasa kwa kidole kutafuta ugumu, kisha papasa shingo. Andika kwenye kadi mahali kidonda kilipo, ukubwa wake na tarehe. Kama jino lenye ncha ndilo linalokwaruza, mpe rufaa ya kulisawazisha au kuling'oa, na umpangie mgonjwa kurudi baada ya siku 14. Kidonda kikiwa bado kipo, usirudie dawa ileile. Mpe rufaa ili kipande kidogo kikatwe na kupimwa maabara.

Kutoka Somanga hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 200, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo. Nauli, chakula na siku zisizo na kazi ni mzigo halisi kwa familia ya mvuvi. Hata hivyo, uvimbe mdogo unaoonwa mapema huweza kuondolewa kwa upasuaji mdogo, na mgonjwa akaendelea kula na kuzungumza. Ukicheleweshwa, safari huwa nyingi zaidi na matumaini hupungua. Siku ya kumi na tano isipite bila ulimi huo kuangaliwa.