Hukumu ya Mwenye Dhambi Kubwa huko Akhera, na Adabu ya Walio Hai

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Hutokea mara nyingi katika miji ya pwani, watu wakisharudi makaburini na kuketi barazani, ikaanza kutajwa khabari ya maiti. Ikiwa marehemu alikuwa mtu wa kunywa tembo au wa kula mali za watu, mmoja husema, "Huyo ni wa Motoni, hatoki milele." Wa pili humjibu, "La, alikuwa Muislamu akitamka shahada. Dhambi hazitamdhuru kitu." Wa tatu huinamisha kichwa asiseme neno, kwani maiti ni mjomba wake. Maneno yakapanda, na watu waliokwenda kupata thawabu za kuzika wakarudi majumbani mwao wamekwisha gombana. Na asili ya ugomvi huu si ya leo. Ni masuala waliyokhitilafiana Waislamu tangu karne ya kwanza ya Hijra, na yampasa kila Muislamu azijue kauli zake kabla ya kufungua kinywa.

Khabari za watu wa mila nyingine

Makureshi walikanusha kufufuliwa. Mmoja wao alimjia Mtume (S.A.W.) na mfupa uliooza, akaufikicha, akauliza ni nani atakayeuhuisha. Jibu lake limo mwishoni mwa Sura Yasin, ya kuwa Aliyeuumba mara ya kwanza ndiye atakayeuhuisha. Mabaniani wao huamini kuwa roho hurudi duniani katika mwili mwingine kwa kadiri ya vitendo vyake. Katika vitabu vya Mayahudi, Mishna imetaja kuwa hukumu ya waovu katika Jahannam ni miezi 12. Na Wakristo, wengi wao husema adhabu ni ya milele, walakin Origen wa Alexandria, katika karne ya 3 ya Masihi, alifundisha matumaini kuwa viumbe vyote vitarejezwa kwa Mola wao. Mafundisho hayo yalilaaniwa na mapadri wao Constantinople mwaka 553. Kisha Kanisa la Rumi likathibitisha mahali pa kutakasiwa roho baada ya mauti, na Waprotestanti wakapakataa katika karne ya 16. Basi khitilafu katika jambo hili imeenea kwa kila umma.

Kauli za Waislamu

Waislamu wote wamewafikiana kuwa Kiyama ni haki, Pepo ni haki na Moto ni haki. Na wamewafikiana kuwa mwenye kutubu toba ya kweli kabla ya roho kufika kooni, toba yake hupokewa. Khitilafu yao ni juu ya Muislamu aliyekufa na dhambi kubwa hali hakutubu.

Kauli ya kwanza ni ya Makhawariji, waliojitenga baada ya vita vya Siffin, mwaka 37 wa Hijra. Wengi wao walisema mtu huyo ni kafiri, na makazi yake ni Motoni milele. Na wakali wao wakahalalisha hatta damu yake.

Kauli ya pili ni ya Muutazila. Wasil bin Ataa, aliyekufa mwaka 131 wa Hijra, alisema kuwa mwenye dhambi kubwa si muumini wala si kafiri, bali yuko daraja baina ya daraja mbili. Akifa bila ya toba atakaa Motoni milele, ila adhabu yake ni nyepesi kuliko ya kafiri.

Kauli ya tatu ni ya Murjia. Waliozidi katika wao walisema kuwa penye imani dhambi haidhuru, kama vile penye ukafiri taa haifai. Kauli hii ni tamu masikioni, nayo ndiyo iliyo hatari kubwa kwa mtu mvivu.

Kauli ya nne ni ya Ahli Sunna. Wao husema mtu huyo ni Muislamu aliyeasi; jambo lake liko katika mapenzi ya Mwenyezi Mungu, akitaka humsamehe na akitaka humuadhibu kwa kadiri ya dhambi zake, kisha humtoa Motoni kwa rehema Yake na kwa shufaa. Hoja yao ni aya ya 48 ya Sura Nisaa, yenye maana kuwa Mwenyezi Mungu hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hayo kwa amtakaye. Na hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim juu ya kutolewa Motoni mwenye chembe ya imani moyoni.

Kauli ya tano ni ya Maibadhi, ambao ni ndugu na majirani wa watu wa pwani, wakaao Omani na Unguja na kwingineko. Wao husema mwenye dhambi kubwa asiyetubu atadumu Motoni, kwa dhahiri ya aya kama ya 81 ya Sura Baqara na ya 93 ya Sura Nisaa. Na ile aya ya 48 huifungamanisha na toba. Ahli Sunna nao huzijibu aya za kudumu, wakisema kuwa maana yake ni kukaa muda mrefu, au kwamba zimekusudiwa mwenye kuihalalisha dhambi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Maibadhi hawasemi kama Makhawariji wakali. Kwao mwenye dhambi kubwa amekufuru neema, wala si mshirikina: huozwa, hurithi na kurithiwa, akifa husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu. Ndiyo sababu Unguja, katika siku za masultani, kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii walihukumu katika mji mmoja, na khitilafu hii haikuwazuia watu kuzikana.

Masuala mawili yaliyo karibu

La kwanza ni kudumu kwa Moto wenyewe. Jahm bin Safwan alidai kuwa Pepo na Moto vyote vitakwisha, na maulamaa wakamkatalia. Baadaye Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, alizieleza kwa urefu hoja za wasemao kuwa Moto peke yake utakwisha. Sheikh Taqiyyuddin as-Subki, aliyekufa mwaka 756, akaandika risala kuthibitisha kubaki kwa Pepo na Moto, na hiyo ndiyo kauli ya jamhuri ya maulamaa.

La pili ni hukumu ya wasiofikiwa na ujumbe. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505, aliwagawa watu mafungu matatu: wasiosikia kabisa jina la Mtume (S.A.W.), nao wana udhuru, waliomjua kwa sifa zake za kweli wakakataa, nao hawana udhuru, na waliosikia jina lake likiambatanishwa na uwongo tangu utotoni mwao, nao akawahisabu pamoja na wale wa kwanza.

Adabu ya aliye hai

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim khabari ya mtu aliyeapa kuwa Mwenyezi Mungu hatamsamehe fulani. Mwenyezi Mungu akamsamehe yule aliyehukumiwa, akaziporomosha amali za yule aliyeapa. Basi msemaji wa barazani na ajichunge: anayemtia maiti Motoni kwa ulimi wake huenda akajitia mwenyewe.

Na yule wa pili, asemaye shahada yatosha, naye na aikumbuke hadithi ya muflisi: mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, hali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu na amempiga huyu, wakapewa hao thawabu zake hatta zikamalizika, kisha akatwikwa dhambi zao, akatupwa Motoni. Pishi iliyopunjwa, deni lililokanwa, minazi ya yatima iliyochumwa kwa nguvu, haya yote hutaka kurudishiwa wenyewe, wala toba ya mdomo haitoshi.

Kwa hivyo lililo bora kwa wale watatu wa barazani ni kuuacha mwisho wa maiti kwa Mola wake. Wamuulize yule mpwa, "Je, mjomba wako alikuwa na deni?" Likiwapo, lilipwe katika urathi kabla ya kugawanywa, au wachangiane walilipe, kisha wamuombee maghufira. Hilo humfaa aliye kaburini, na mabishano hayamfai kitu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu mwisho mwema. Wallahu aalam.