Vitu Visivyofaa Kutupwa Jaani

Wengi wetu hudhani ya kuwa kila kitu kilichokwisha kazi nyumbani ni takataka, na mahali pake ni jaani. Sivyo. Ziko nchi zilizokataza kwa sheria vitu fulani visichanganywe na taka za nyumbani wala visifukiwe, na yafaa tujifunze sababu zake.

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, marufuku hayo yalianza mwaka 1990 kwa betri za gari. Baadaye yaliongezwa matairi, chupa, mikebe na karatasi. Na mwaka 2022 yakaongezwa magodoro na nguo. Katika jimbo la Vermont, tangu tarehe 1 Julai 2020, hata mabaki ya chakula hayaruhusiwi kutupwa pamoja na taka nyingine.

Tukivitazama vitu hivi twaona sababu mbili. Ya kwanza, vingine vingali na manufaa: chuma huyeyushwa kikafanyizwa kitu kipya, na maganda ya jikoni yakioza huwa mbolea. Kuvifukia ni kufukia mali. Ya pili ni sumu. Ndani ya betri ya gari mna risasi na tindikali kali. Risasi haiozi; hata ikikaa ardhini miaka mingi ni risasi vile vile, na vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto huharibu damu na ubongo.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika nchi ya Senegal, watu walizoea kuvunja betri kuukuu na kuchekecha mchanga wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Basi na tufahamu: mtoto hana haja ya kuvunja betri ili adhurike, yatosha acheze mahali ilipovunjwa.

Kwa hiyo twashauri hivi:

1. Betri ya gari isivunjwe wala isitupwe. Irudishwe kwa muuzaji.
2. Tindikali yake isimwagwe chini, wala karibu na kisima.
3. Kipimahoma chenye zebaki kisitupwe jaani. Kipelekwe zahanati wakaulizwe la kufanya.
4. Mabaki ya jikoni yawe na shimo lake, yageuke mbolea ya shamba.

Kila msomaji na alitazame jaa lake leo, kabla watoto hawajatoka kwenda kucheza.