Fedha Chini ya Hema

Masomo: Yoshua 7:1–26; Luka 12:13–15



Juma hili tunamsoma Akani, na ili tumwelewe tunaazima filamu ya mwaka 1998, A Simple Plan, iliyoongozwa na Sam Raimi. (Wazazi, si ya watoto: ina mauaji na matusi.) Ni Minnesota, majira ya baridi. Hank, ndugu yake Jacob na rafiki yao Lou wanakuta ndege ndogo imeanguka msituni kwenye theluji. Rubani amekufa. Ndani mna mfuko wenye dola milioni 4.4.

Hank si mwizi. Ana kazi, ana mke mjamzito, majirani wanamheshimu. Anakubali kuzitunza fedha hadi theluji iyeyuke. Zikikosa mwenyewe, watagawana.

Jioni anamuuliza mkewe, Sarah, angefanyaje akiokota fedha nyingi. Sarah anajibu kwamba asingechukua, huo ni wizi. Hank anamwaga noti mezani. Muda si mrefu Sarah ndiye anayepanga: rudisha dola 500,000 ndegeni, polisi wasishuku. Sidhani alikuwa mnafiki. Jibu lake la kwanza lilitoka kabla hajaziona. Na safari hiyo ya kurudisha ndiyo iliyoleta kifo cha kwanza, kwa jirani aliyepita tu.

Jacob, kwa upande wake, anataka shamba la marehemu baba yao. Hank alidhani baba alishindwa kulitunza. Jacob anamfichulia kwamba fedha zilikwenda kwenye karo ya chuo ya Hank mwenyewe. Hapa sisi tuliosomeshwa kwa shamba au ng'ombe waliouzwa tusikimbie haraka. Yule mtu wa Luka 12 naye alikuja kwa Yesu akimlalamikia ndugu yake juu ya urithi.

Akani alificha joho, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu, akavifukia hemani. Wanawe walilala juu yake. Watu kama 36 walikufa Ai kabla hajafungua kinywa. Hank naye anampiga risasi Jacob, kwa ombi la Jacob mwenyewe, kisha anagundua kuwa namba za baadhi ya noti zimeandikwa. Anazichoma zote.

Kwa ibada za nyumbani wiki hii: Soma Yoshua 7:21 polepole. Akani anataja hatua ngapi kabla ya kuficha? Na nyumbani kwetu, ni jambo gani la fedha ambalo mume, mke au ndugu aliye nyumbani Afrika bado hajaambiwa?